Homa, Malaria na Cheti cha Dawa: Maneno na Tiba katika Zahanati za Tanzania

Cheti cha dawa ni maandishi mafupi kuliko karibu yote yaandikwayo katika nchi. Jina la mgonjwa, jina la dawa, tarakimu mbili tatu, na sahihi ya aliyeandika, basi, yamekwisha. Kwa sababu ya ufupi huo wataalamu wa lugha hawakuyajali sana, wakawaachia matabibu na wauza dawa. Hata hivyo maandishi haya yana historia yake, na katika Tanzania historia hiyo haielezeki sawasawa pasipo kueleza habari za neno moja, nalo ni homa. Kwa miaka mingi ya nusu ya pili ya karne ya 20, na hata baadaye, mtu aliyefika zahanati akasema ana homa aliondoka, mara nyingi, na dawa ya malaria. Dawa yenyewe ilibadilishwa mara mbili. Desturi ya kuiandika ilikawia sana kubadilika. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya desturi hiyo ilikaa katika maneno, na kwamba maneno hayo yaligharimu maisha ya watu.

Neno homa lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni joto la mwili lizidilo kiasi. Limo katika kamusi ya Krapf iliyotolewa London mwaka 1882, wala halikuwa geni kwa watu wa pwani hata zamani za kabla yake. Krapf mwenyewe aliijua homa kwa msiba: mkewe Rosine alifariki kwa homa Mombasa mwaka 1844, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Pamoja na homa lugha ilikuwa na maneno mengine yaliyogawa mambo kwa uangalifu zaidi. Kitapo ni kule kutetemeka kwa baridi. Mkunguru ni homa impatayo mgeni kabla hajaizoea nchi. Mwenye kutumia maneno hayo alikuwa akieleza alionalo: joto, tetemeko, ugeni wa mtu katika mahali. Hakuwa akitaja chanzo cha ugonjwa, kwa kuwa chanzo hakikuwa kimejulikana kwa mtu yeyote, wa pwani wala wa Ulaya.

Malaria ni neno la namna nyingine. Limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Yaani nalo lilianza kwa kubahatisha. Laveran alipoviona vimelea katika damu mwaka 1880, na Ross alipothibitisha kazi ya mbu mwaka 1897, jina la zamani lilibaki lakini maana yake ikageuka. Tangu hapo malaria ni ugonjwa wa kimelea kinachoweza kuonekana kwa hadubini, na asiye na kimelea hicho hana malaria, hata akiwaka moto namna gani. Basi maneno mawili yalikuja kukutana katika chumba kimoja: homa, ambalo ni jina la dalili, na malaria, ambalo ni jina la chanzo. Kukutana kwao ndiko kulikozaa mambo yote yanayofuata.

Katika wakati wa Wadachi tofauti hiyo ilikuwa wazi, angalau kwa wachache. Robert Koch alikaa katika koloni ya Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, akachunguza damu za wagonjwa wa malaria na wa homa ya mkojo mweusi. Katika milima ya Usambara, kwenye taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902, mikwinini ilipandwa, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza magome yake yalitumika kuwatengenezea askari dawa. Kwinini iliingia katika Kiswahili kwa jina lake na kwa uchungu wake. Watu walikuwa wameshaujua uchungu wa dawa: mwarobaini hata jina lake lasema kwamba hutibu maradhi arobaini. Desturi ya kutazamia dawa moja itibu mengi haikuletwa na hospitali basi, hospitali iliikuta.

Klorokwini ndiyo iliyoifanya desturi hiyo kuwa ya nchi nzima. Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikawekwa kando kwa kudhaniwa kuwa na sumu nyingi, kisha ikapata heshima yake baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa rahisi, ilifanya kazi upesi, na zaidi ya hayo ilishusha joto la mwili hata kama joto hilo halikuletwa na malaria. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilienezwa vijijini, na katika miaka ya 1980 makasha ya dawa muhimu yalianza kupelekwa huko kwa msaada wa Denmark na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kila kasha lilifungwa dawa zile zile kwa vipimo vile vile, bila kutazama mahali lilikokwenda. Mtumishi wa zahanati hakuwa na hadubini, wala mtu wa kuitumia, na foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa na neno la mgonjwa na alikuwa na klorokwini.

Haifai kumlaumu. Mafundisho aliyopewa yalimwagiza aichukulie homa ya mtoto kuwa ni malaria mpaka ionekane vinginevyo, nayo yalikuwa na sababu njema: malaria humwua mtoto kwa siku moja au mbili, na klorokwini ilikuwa rahisi kwa bei. Kukosea kwa kutoa kulihesabiwa kuwa afadhali kuliko kukosea kwa kunyima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusoma, iliitia malaria miongoni mwa masomo yake. Na hapana shaka mafundisho kama hayo yalisaidia kulifanya neno malaria kuwa la kila mtu. Lakini neno lilipowafikia watu lilikuwa limekwisha kubeba maana ya homa. Watu wakasema "nina malaria" pale ambapo wazazi wao wangesema "nina homa", na tabibu aliyesikia hivyo aliona kwamba mgonjwa amemaliza kazi ya uchunguzi kabla ya kuketi.

Jambo moja lilikaa nje ya mkutano huo, na madhara yake yalikuwa makubwa. Mtoto mwenye malaria kali huweza kushikwa na kifafa cha ghafula, macho yakageuka na viungo vikakakamaa. Ugonjwa huo Waswahili huuita dege au degedege. Neno hili ni ukubwa wa ndege, na lahifadhi imani ya kwamba ndege, au pepo mwenye sura ya ndege, amempitia mtoto. Utafiti uliofanywa wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wenyeji walijua vema homa ya malaria na kwamba dawa yake iko hospitali, ila hawakuihesabu degedege kuwa aina ya malaria. Jina lilikuwa jingine, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mwingine, na mahali pa kwenda palikuwa pengine: kwa mganga wa kienyeji. Tena ilienea imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Na wakati ule tiba ya malaria kali ilikuwa ni kwinini kwa njia ya sindano. Hivyo neno homa lilileta dawa ya malaria kwa wengi wasioihitaji, na neno degedege liliwanyima baadhi ya wale walioihitaji kuliko wote.

Yafaa sasa kulitazama umbo la cheti chenyewe. Neno cheti lilitoka Bara Hindi, na kidonge ni udogo wa donge. Waswahili walikwisha kuona kwamba dawa ya kisasa ni donge dogo. Maagizo ya daktari yalirithi vifupisho vya Kilatini, kama t.d.s., maana yake dawa inywewe mara tatu kwa siku. Katika zahanati za Tanzania Kilatini hicho kilibaki upande wa mwandikaji. Upande wa mgonjwa, juu ya bahasha ndogo, kilikuja kuandikwa "2 x 3", na mgawaji akasoma kwa sauti: mbili, kutwa mara tatu. Ni lugha nzuri, yenye mizani, wala hakuna Mtanzania asiyeijua. Lakini kutwa si siku nzima. Kutwa ni tangu jua kuchomoza hata kuchwa, na mwenzake ni kucha. Dawa inayotakiwa kugawanywa sawa katika saa 24, ikiagizwa kutwa mara tatu, hunywewa asubuhi, mchana na jioni, na usiku mzima mgonjwa hulala bila dawa. Mgonjwa huyo hakukosa utii; alitii Kiswahili alichosomewa.

Shida ya saa ni kubwa zaidi. Waswahili huhesabu saa tangu alfajiri na tangu magharibi, na saa nane ya mchana ni wakati baada ya adhuhuri. Mgonjwa akiambiwa anywe mara ya pili "baada ya saa nane", anaweza kufahamu muda wa kungoja, au anaweza kufahamu wakati wa mchana. Walimu wa Kiswahili sanifu wameikataza kwa miaka mingi kauli ya masaa, wakisema kwamba wingi wa saa ni saa. Lakini katika dirisha la dawa kauli hiyo iliyokatazwa ndiyo yenye usalama: masaa manane hayawezi kuwa kitu kingine ila muda. Hapa msemaji wa mtaani ametengeneza tofauti ambayo sarufi ya vitabuni haikuwa nayo, na ametengeneza kwa haja.

Klorokwini ilianza kushindwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 habari za malaria isiyosikia dawa hiyo zilianza kupatikana katika Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1980 na 1990 zikazidi. Kiswahili kilikuwa na neno tayari kwa jambo hili. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara nyingi, kama ya kiganja cha mkulima au ya paji la uso la mwenye kusali. Na kutoka hapo tumepata usugu wa vimelea. Neno hili laeleza ukweli wa jambo kuliko maneno ya lugha nyingi: usugu hauji kwa mara moja, huja kwa kusuguliwa. Kila kidonge cha klorokwini kilichomezwa bila haja, au kwa dozi isiyotimia, kilikuwa ni msuguo mmoja.

Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kuweka mahali pake SP, yaani sulfadoxini pamoja na pirimethamini. Kenya ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwaka 1998. Mwisho wa mwaka 2006 SP nayo ikaondolewa katika tiba ya kawaida, ikaja dawa yenye asili ya artemisinini, ambayo msingi wake ulipatikana China kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake katika miaka ya 1970. Mabadiliko haya huonekana kuwa ya wataalamu wa kemia, ila kwa mgonjwa yalikuwa mabadiliko ya hesabu na ya hisi. Klorokwini kwa mtu mzima ilikuwa vidonge 10 kwa siku tatu, vichungu, vyenye kuwasha mwili. SP ilikuwa vidonge 3 kwa mara moja tu. Dawa mpya ilikuwa vidonge 24 kwa siku tatu, mara ya pili ikifuata baada ya masaa manane na zinazobaki zikinywewa mara mbili kwa siku katika siku mbili zinazofuata. SP haikushusha homa upesi kama klorokwini. Kwa hiyo mgonjwa aliyezoea kuipima dawa kwa homa aliona kwamba amepewa kitu kisichofanya kazi. Kwake yeye homa ndiyo iliyokuwa ugonjwa, na homa haikuwa imeondoka.

Jina la dawa mpya ni mfano mzuri wa kazi ya lugha ikifanywa vizuri. Badala ya kufuata vifupisho vya kigeni peke yake, Wizara iliieneza kwa jina la dawa mseto. Mseto ni chakula: mchele na choroko, au nafaka na kunde, vilivyopikwa na kupondwa pamoja. Msikiaji huelewa papo hapo kwamba ndani ya kidonge kimoja kuna dawa mbili, na kwamba hazikuwekwa pamoja kwa bahati. Hakuna mtu aliyehitaji kufundishwa neno hilo.

Walakini mseto uliandikwa katika vyeti kwa desturi ile ile ya klorokwini. Ukubwa wa kosa ulikuwa umekwisha kupimwa. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu, 2,062 tu ndio waliokuwa na vimelea, yaani asilimia 46. Katika waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 7 hivi. Katika wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12. Maana yake ni wazi na nzito. Waliokuwa na ugonjwa uliotajwa katika cheti walipona zaidi, kwa kuwa cheti kiliwafaa. Waliokuwa na ugonjwa mwingine waliandikiwa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na ule waliokuwa nao ukaendelea na kazi yake.

Ilitumainiwa kwamba kipimo kingeondoa shida. Vipimo vya haraka vya malaria vikaletwa, vitoavyo jibu kwa tone moja la damu katika muda wa dakika chache, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kila homa ipimwe kabla ya kutibiwa. Lakini jaribio lililofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 lilikuwa limeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo hakikuwaonyesha malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Si kwamba matabibu hawakuweza kusoma kipimo. Kipimo kilisema neno ambalo lugha ya zahanati haikuwa na mahali pa kuliweka: huyu ana homa, na hana malaria. Sasa aandikiwe nini? Mgonjwa aliyetembea kutwa nzima hakubali kurudi mikono mitupu, na tabibu hapendi kumwambia mtu mwenye kuwaka joto kwamba hakuonekana kitu.

Baadaye mafundisho na usimamizi vilileta mabadiliko ya kweli. Katika vituo vya Dar es Salaam vilivyofuatiliwa, na ambavyo habari zake zilichapishwa mwaka 2011, uandikaji wa dawa za malaria ulipungua sana baada ya vipimo kuwekwa. Tena utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Zaidi ya 6 katika kila 10 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na mengi yalitoka kwa virusi. Wenye malaria walikuwa kama 1 katika kila 10. Watoto walio wengi hawakuhitaji dawa ya malaria, na wengi hawakuhitaji kiuavijasumu pia.

Ila cheti hakikubaki kitupu. Taarifa iliyokusanya tafiti za nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, ilichapishwa mwaka 2017: wagonjwa ambao kipimo cha haraka hakikuwaonyesha malaria waliandikiwa viuavijasumu kwa asilimia 69, na walioonekana na malaria kwa asilimia 40. Nafasi iliyoachwa na dawa moja ilijazwa na nyingine. Na katika maneno twaona jambo lile lile. Mtu aliyekuwa akisema ana malaria sasa husema ana taifodi, au ana "yutiai", herufi tatu za Kiingereza zitamkwazo kama neno moja la Kiswahili, nazo zina maana ya maambukizi ya njia ya mkojo. Maradhi hayo yapo, na yakithibitishwa yana tiba yake. Lakini kuenea kwa majina hayo hakulingani na wingi wa maradhi yenyewe: katika watoto wale 1,005, wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa kama 6 katika kila 100, na wenye taifodi walikuwa wachache zaidi. Majina hayo yanafanya kazi iliyofanywa na malaria zamani, ya kuipa homa jina litakaloruhusu cheti kuandikwa.

Haiwezi kusemwa kwamba lugha peke yake ndiyo iliyotenda haya. Palikuwa na uhaba wa vifaa, na maagizo ya Serikali, na hofu ya haki ya kupoteza mtoto. Lakini vifaa vilipokuja na maagizo yakabadilika, desturi ilibaki, na kilichokuwa kimesalia cha kuishikilia kilikuwa maneno. Kwamba maneno yaweza kushughulikiwa, historia hii yenyewe inashuhudia. Dawa mseto ni ushahidi mmoja. Wa pili ni maduka. Kwa miaka mingi maduka madogo ya dawa yaliitwa maduka ya dawa baridi, kwa kuwa hayakuruhusiwa kuuza dawa kali. Na watu waliyadharau kwa ubaridi huo huku wakiyatumia. Tangu mwaka 2003, kwa kuanzia mkoa wa Ruvuma, wenye maduka walifundishwa, wakasajiliwa upya, na jina likawa duka la dawa muhimu. Jina jipya liliambatana na wajibu mpya.

Kazi iliyobaki yataka wanaojua lugha waketi pamoja na wanaojua tiba. Homa irudishwe mahali pake, iwe jina la dalili kama ilivyokuwa kwa wazee waliotofautisha kitapo na mkunguru. Degedege ifundishwe kuwa ni malaria kali mpaka kipimo kikanushe, bila kulidhihaki jina. Bahasha ya dawa iache kutwa pale panapotakiwa saa 24, nayo ikubali masaa. Na lililo gumu kuliko yote, itafutwe kauli ya heshima ya kumwambia mgonjwa kwamba homa yake ni ya kweli, kwamba itakwisha yenyewe, na kwamba leo hapewi kidonge. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuisema. Kauli hiyo ikizoeleka kwa tabibu na kwa mgonjwa, cheti kitupu hakitakuwa tena ishara ya kunyimwa, nacho kitahesabiwa kuwa tiba.